Ndege Iliyokuja Mbele ya Saa

Mu Kindu kuna watu wanaoamini pasta. Kuna watu wanaoamini shehe. Lakini wote pamoja, na pasta ndani, na shehe ndani, wanaamini ndege.

Hawaiabudu, hapana. Wanaiangalia tu. Ndege ikitokea mashariki, ikapita juu ya Alunguli, ikavuka muto na kutua, kila mama anasema, "Mbingu iko muzuri." Anaanika mihogo yake. Mupiga-kasia anafungua pirogi. Fundi anaanza kufyatua matofali. Wanasema hata mwizi wa nguo anangoja ndege itue, sababu anajua siku hiyo nguo zitakuwa inje.

Mama Mamy alikuwa mumoja wao. Jina lake la kanisa ni Émilienne, lakini hakuna anayeliita. Kila asubuhi alikaa mbele ya nyumba yake, mu kamp ya watu wa reli, akakaranga mikate na kuiuza. Nyuma yake, ku kiti, alikaa bwana yake, Papa Ngeleka. Yeye alinyamaza. Alikuwa muntu wa Kasai, na kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kusimama ku gare, stesheni ya reli, na drapo mbili, bendera za mukono. Nyekundu: treni isimame. Kijani: treni ipite. Siku hizi treni inakuja wakati inapenda, sawa na mukwe aliyekasirika.

Hii desturi ya kuangalia ndege ilitoka wapi? Ilitoka ku vita.

Mu ile miaka treni ilikufa. Barabara zilifungwa na bunduki. Chumvi ilitoka juu, ndani ya ndege. Sabuni ilitoka juu. Dawa nayo ilitoka juu. Mvua ikiwako, ndege haikuja. Ndege ikija, mvua haiko. Hesabu ilikuwa nyepesi, na muntu mwenye njaa anapenda hesabu nyepesi.

Mwaka wa 2001, mwezi wa ine, Papa Ngeleka hakuwa na treni ya kusimamisha. Yeye na bibi yake walilima mihogo ng'ambo ya muto, Alunguli. Walikuwa na watoto wawili. Florentin alikuwa na miaka mitatu. Mamy, mutoto wa kwanza, alikuwa na miaka kenda. Ndiye aliyewapa wazazi wake majina: Mama Mamy, Papa Mamy.

Siku moja, saa sita ya muchana, ndege ilitua. Papa Ngeleka alisimama ku mulango, akaangalia ng'ambo.

"Kule kumekuwa kweusi," alisema. "Twende kesho."

Mu nyumba hapakuwa kitu. Florentin alikuwa analia tangu asubuhi. Mama Mamy alisema neno, neno la muke mwenye njaa:

"Ndege imetua, na weye unaogopa wingu? Rubani ni mwanaume kukupita?"

Papa Ngeleka alichukua kasia. Mamy alichukua kitunga. Alipenda kutembea na baba yake.

Upepo uliwakuta katikati ya muto. Pirogi ilipinduka. Watu wa Alunguli walimutoa Papa Ngeleka, amekunywa maji, anaita jina. Kitunga walikiona siku ya pili. Mutoto walimuona siku ya tatu.

Ku kilio, wazee walimuuliza Papa Ngeleka, "Juu ya nini ulivuka na mutoto?"

Mama Mamy alikuwa ndani ya nyumba, kati ya wamama, kichwa chini. Alisikia bwana yake anajibu pale inje:

"Niliona ndege imetua. Kosa ni langu."

Hakutoka inje. Hakusema kitu. Siku ile hakusema, na miaka zaidi ya makumi mbili ikapita, hakusema. Papa Ngeleka hakurudi tena ku muto, hata kunawa miguu. Na watu waliendelea kumuita bibi yake Mama Mamy, ku soko, ku kanisa, mbele ya kikaango. Walimuita vile kwa heshima. Kila mara ilikuwa sawa na kumuchoma na mwiba, na kila mara alijibu, "Karibu."

*

Mwaka jana, mwisho wa mwezi wa pili, jirani yao Latifa alifika na karatasi ku mukono. Latifa anatumika mu biro ya hewa, ile yenye kupima mvua na upepo, ku uwanja wa ndege. Baba yake, Muzee Okito, alitumika pale mbele yake, mu wakati wa vita.

"Mama Mamy, munipatie mikate mine. Tena munisikilize kidogo."

"Kwa mikate mine nitakusikiliza kidogo. Ukitaka nikusikilize mpaka mwisho, ni mikate kumi."

Latifa alicheka. Alichukua kumi.

"Hii ni karatasi ya musimu," alisema. "Inasema juu ya mwezi wa tatu, wa ine na wa tano. Mvua inaweza kuzidi ile ya kila mwaka. Mvua za radi na upepo zinaweza kuwa nyingi, zaidi saa saba ya muchana ikipita."

Florentin alikuwa pale, anakula mukate wa mama yake bila kuomba. Sasa ni mwanaume mwenye ndevu, mwenye bibi, na mwenye shamba la mupunga Alunguli.

"Inaweza!" alisema. "Hata mimi naweza. Naweza kuwa gavana."

"Mara ngapi ku kumi?" Latifa alimuuliza.

"Nini?"

"Weye kuwa gavana, ku kumi ni sifuri. Mvua kuzidi, ku kumi ni sita. Sikia. Kama tungekuwa na misimu kumi yenye kufanana na huu, mu sita mvua ingezidi. Mu ine haingezidi. Karatasi haiahidi kitu. Inakuambia ujitayarishe. Imbwa wa jirani akiuma watu sita ku kumi, utapita mu lupango lake, ndani ya uzio, bila fimbo?"

"Na ni siku gani itanyesha?"

"Hii karatasi haijui siku. Musimu ni sawa na kusema, 'Huyu mutoto ni mukorofi.' Siku gani atavunja chungu, lazima umuchunge kila asubuhi. Kwa hiyo iko karatasi ingine, ya kila siku. Tunaisoma ku radio asubuhi, mbele ya saa moja. Zote mbili zinatembea pamoja."

"Sawa, mama wa hewa. Mimi nifanye nini?"

Latifa alikunja vidole, kimoja kimoja.

"Shamba lako liko chini, karibu na kijito. Chimba mifereji sasa, mbele maji hayajaja. Depo yako ya kuweka mupunga inavuja, tengeneza mabati. Ku muto, vuka asubuhi. Pirogi isijazwe. Muvae gile, koti la kuelea. Na ukisikia ku radio kwamba radi inakuja muchana, baki nyumbani."

"Radio!" Florentin alipangusa mafuta ku suruali. "Sisi watu wa Kindu tuna ndege. Ikitua, tunavuka."

"Ndege inajua njia yake," Latifa alisema. "Yako haiijui."

Florentin alicheka na kwenda zake. Mama Mamy hakucheka. Aligeuza mikate. Nyuma yake kiti cha Papa Ngeleka kililia kidogo, sawa na wakati muntu anataka kusimama na hasimami.

Florentin hakuchimba mifereji. Hakutengeneza mabati.

*

Katikati ya mwezi wa ine, mupunga wa Florentin ulikuwa mu magunia, Alunguli, ndani ya ile depo yenye kuvuja. Siku moja asubuhi alitaka kwenda kuufunika. Watoto walikuwa mu konje, likizo ya Pasaka. Mutoto wake wa kike, wa miaka nane, alilia kwenda naye. Huyo mutoto anaitwa Mamy. Alipewa jina la shangazi yake, sababu kwetu jina halizikwi na muntu.

Asubuhi ile radio ilisema: radi na upepo mukali kutoka mashariki, saa sita ikipita. Sauti ilikuwa ya Latifa. Florentin alinung'unika, lakini alikaa.

Saa sita ikiwa bado kufika, ndege ilipita juu ya muto na kutua.

"Mumeona?" Florentin aliruka. "Latifa anasema radi, na rubani huyu hapa anatua bila wasiwasi. Mamy, twende!"

Alimushika mutoto mukono. Walishuka njia ya kivuko.

Mama Mamy alikuwa na kijiko mu mukono. Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa upepo hata wa kutikisa nguo ku kamba. Nyuma yake alisikia sauti ya bwana yake:

"Kule ng'ambo kumekuwa kweusi."

Yalikuwa maneno yale yale. Hakuyasikia tangu ile siku.

Kijiko kilianguka mu mafuta. Mama Mamy alikimbia, lakini kwanza hakukimbilia muto. Alikimbia ku nyumba ya tatu, kwa Muzee Okito. Alitaka muntu amuambie kwa kinywa kama ndege ni ya kuamini ao hapana. Yeye mwenyewe hakujua tena.

Muzee Okito alikuwa anashona ndala yake.

"Muzee! Ndege imetua. Mbingu si iko muzuri?"

"Ndege gani?"

"Ile ya Goma."

Okito aliangalia saa yake. "Ya Goma inakuja saa tisa."

"Leo imekuja mbele ya saa sita."

Ndala ilianguka. "Basi inakimbia! Mama Mamy, mvua kubwa za huku zinatoka mashariki. Ndege ya Goma nayo inatoka mashariki. Rubani akisikia mvua iko njiani, anaondoka mapema, anaongeza mwendo, anatua mbele yake. Ndege ikija mbele ya saa, haisemi mbingu iko muzuri. Inasema, mvua iko nyuma yangu."

Mama Mamy alishika nguzo ya nyumba.

"Na zamani?" aliuliza. "Mu vita?"

Muzee Okito hakumuangalia.

"Mu vita njo mimi nilikuwa ku redio ya uwanja. Vyombo vyote watu wa bunduki waliiba. Waliacha ndoo ya kupima mvua tu, walifikiri ni ya choo. Ile siku ya mutoto wako, rubani aliniita saa tano. Alisema, 'Nyuma yangu iko ukuta mweusi. Nakuja mbele ya saa.' Niliandika. Karatasi ikaenda kwa wakubwa wa ndege. Njo ilikuwa amri: habari ya mvua ni ya ndege tu. Karatasi ya watu haikuwako."

"Ulijua."

"Nilijua. Hakuna aliyekuja kuniuliza, na mimi niliogopa kutoka inje na kusema. Kimbia, mama. Utanitukana kesho."

*

Ku kivuko muto ulikuwa umelala, sawa na mafuta yenye hayajapata moto. Pirogi ilikuwa na watu saba. Florentin alikaa katikati. Mamy mudogo alikaa mbele, vidole mu maji. Mupiga-kasia, kijana Yannick, alikuwa anasukuma na muguu.

"Florentin! Shuka!"

Watu walicheka. "Mama Mamy, mikate inaungua kule!"

"Maman, ndege imetua," Florentin alisema. "Si weye ulinifundisha?"

Mama Mamy aliingia mu maji na viatu. Yalifika magoti. Alishika pirogi na mikono miwili.

"Ndege inakimbia mvua. Shuka na mutoto."

"Maman, unanipatisha haya mbele ya watu."

"Haya?" Mama Mamy alisema. "Ngoja nikuonyeshe haya. Walikuambia baba yako alimuvusha dada yako sababu aliona ndege. Ni uongo. Baba yako aliona wingu. Alisema, twende kesho. Ni mimi nilimutukana. Nilimuambia, 'Ndege imetua, na weye unaogopa wingu?' Yeye alinifunika mbele ya wazee, na mimi niliacha anifunike. Njo mama yako huyo. Sasa shuka."

Kuku mumoja tu alilia mu kitunga.

Florentin alisimama. Alimuinua mutoto wake, akashuka mu maji. Alipita pembeni ya mama yake bila kumuangalia.

Yannick alitazama ng'ambo, akatazama yule mama mwenye nguo ya kulowana. Alirudisha kasia ndani.

"Bon," alisema. "Leo sivuki."

"Weye!" Mufanyabiashara wa kuku alimupigia kelele. "Kuku zangu zitakufa na jua! Unasikiliza kilio cha wamama? Jua hili hulioni?"

Jua kweli lilikuwako. Lilikuwako robo saa ingine. Kisha upepo ulitoka Alunguli, ukavuka muto kwa pumzi moja. Maji yaliinuka sawa na ukuta. Bati la hangari ya kivuko liliruka sawa na kofia. Pirogi mbili zilizofungwa zilipigwa ku mawe mpaka zikapasuka. Ndani hapakuwa muntu. Yule wa kuku alilala chini, amekumbatia kitunga chake, na jua halikuwa tena habari yake.

Hakuna aliyekufa. Na sababu hakuna aliyekufa, hakuna aliyekuja kushukuru. Muntu akifa, kamp nzima inakuja na mikeka. Muntu asipokufa, kila mumoja anaenda kukausha nguo zake.

Habari ingine ndiyo ilitembea. Mbele ya mangaribi kamp yote ilijua Mama Mamy alisema nini mu maji. Wamama wawili waliacha kununua mikate yake. Florentin alikaa mwezi muzima bila kumusalimia. Mu depo, mupunga wake uliota majani ndani ya magunia, na shamba likawa ziwa la vyura.

Jioni ile Papa Ngeleka alikuwa ku kiti chake.

"Umesema," alisema.

"Nimesema."

"Sikukuomba."

"Najua. Ulinifunika, na mimi nikalala vizuri ndani ya lile blanketi."

"Ulilala?"

"Hapana."

Mama Mamy alimueleza maneno ya Okito: rubani, ukuta mweusi, ndege yenye kukimbia. Papa Ngeleka alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," alisema pole pole. "Ile siku walitupigia drapo nyekundu, na sisi tuliona kijani."

Alisimama. Aliingia mu chumba, akafungua sanduku lake la chuma la reli. Mama Mamy alimusikia anapekua mpaka giza likaingia.

*

Asubuhi, watu wa kivuko walimuona Papa Ngeleka anashuka njia ya muto. Walisogea pembeni, sababu walijua hajafika pale tangu kifo cha mutoto wake. Alikuja na kofia yake ya reli na drapo zake mbili. Ile nyekundu panya walikula pembe moja, na Mama Mamy aliitia kiraka na kitambaa cha kikwembe chake cha kujifunga. Alifika karibu na maji. Alisimama pale, mbali kidogo. Mpaka leo anasimama pale pale, hasogei mbele.

Kazi inaenda hivi. Mbele ya saa moja, Latifa anasoma hewa ku radio. Muzee Okito, yule aliyeogopa kutoka inje, anashuka ku kivuko na kuisema kwa sauti, mu Kiswahili cha nyumbani, mpaka anakohoa. Radi ikingojewa, anasema saa. Papa Ngeleka anapandisha drapo. Kijani: muvuke, lakini pirogi isijae. Nyekundu: mungoje. Na wingu likiwa jeusi ng'ambo, anapandisha nyekundu, hata kama radio haikusema, sababu karatasi nayo inaweza kukosea na macho yako hayalipishi kitu. Asiyejua kusoma anaelewa mara moja. Wenye diploma ndio wanaleta mabishano.

Mu musimu uliofuata, Latifa alileta karatasi mupya. Florentin aliisikiliza mpaka mwisho, bila Latifa kununua mikate kumi. Alipanda mupunga juu, mbali na kijito. Alichimba mifereji. Alitengeneza mabati. Mvua ilizidi tena, na gunia halikuota hata jani moja. Asubuhi alipoleta gunia la kwanza, aliliweka mbele ya kikaango.

"Ni la weye, maman," alisema.

Mama Mamy alimupatia mukate.

Pirogi za kivuko kile bado zinapasuka. Watu bado wanalalamika, wanachelewa soko, wanamutukana muzee mwenye kofia. Lakini tangu drapo zile, muto haujachukua muntu pale.

Juzi ndege ya Goma ilitua saa tano ya asubuhi. Vichwa vyote vilienda juu. Jua lilikuwa kali. Yule mufanyabiashara wa kuku alikuwa tayari mu pirogi, na vitunga vitatu. Aliangalia drapo nyekundu yenye kiraka cha kikwembe, akapiga kelele:

"Papa Mamy! Teremusha hiyo kitu! Huoni ndege imetua?"

Papa Ngeleka hakugeuka. Alikuwa anaangalia ng'ambo.

"Nimeiona," alisema. "Njo maana."